Kumuuguza ndugu aliyewekewa figo: mwongozo kamili, kutoka wadini hadi nyumbani Kigoma

Simu nyingi ninazopigiwa kuhusu jambo hili huanza vilevile: "Mgonjwa alikuwa anaendelea vizuri kabisa, sasa hatujui imekuwaje." Nikiuliza maswali mawili matatu, majibu nayo ni yaleyale. Dawa zilikuwa zinatolewa "asubuhi na jioni" bila saa maalumu. Daftari la vipimo lilisimama wiki ya nne. Au mtu alipata homa, wakakimbilia duka la dawa badala ya kupiga simu hospitali.

Mimi si daktari. Nimemuuguza mdogo wangu tangu alipowekewa figo aliyopewa na dada yetu, kwanza ugenini kwenye chumba cha kupanga, kisha hapa Mwanga, Kigoma. Naandika kuhusu figo kwa sababu ndiyo wengi wetu tunakutana nayo tangu Muhimbili walipoanza kupandikiza mwaka 2017 na Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018. Pale maneno yangu yanapopishana na ya daktari wa mgonjwa wako, fuata ya daktari.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hajaruhusiwa

- Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko. Za kufunga kwenye kifundo cha mkono zinadanganya sana mtu asipokaa sawasawa.
- Kipimajoto cha kidijitali.
- Mizani ya kusimama, iwe moja na isibadilishwe.
- Jagi la plastiki lenye alama za mililita. Liandike MKOJO kwa wino usiofutika, na lisiingie jikoni kamwe.
- Kaunta buku, na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye jalada. Uzi una maana: siku kalamu ikipotea, na vipimo vya siku hiyo vinapotea.
- Kengele mbili: ya simu, na saa ya mezani ya betri. Umeme ukikatika na simu ikazima, dozi haisubiri.
- Boksi la dawa lenye mfuniko, lisilofikiwa na watoto wala jua.
- Ndoo ya koki, sabuni, barakoa, na chandarua kipya chenye dawa.
- Akiba ya dawa ya angalau wiki mbili juu ya zile zinazotumika. Usitegemee kuzikuta kwenye maduka ya dawa muhimu ya mtaani.
- Mtu wa pili. Muuguzaji mmoja peke yake atachoka mwezi wa pili, na akichoka ndipo makosa yanapoingia.

## Hatua ya 1: Usitoke wadini kabla hujaelewa mambo matano

Siku ya ruhusa kila mtu ana furaha na haraka, teksi inasubiri nje. Kaa. Mwombe nesi nusu saa na uandike mwenyewe.

Figo iko wapi. Figo mpya haiwekwi mgongoni. Inawekwa mbele, chini ya tumbo, karibu na nyonga ya kulia au ya kushoto, na zile za zamani kwa kawaida huachwa palepale. Kwetu shangazi alitaka kumkanda mgongo "figo ichangamke", na mtoto wa jirani alikuwa akimrukia mapajani kila jioni. Nyumba nzima ijue pale mahali, pasigongwe wala pasikandwe.

Mrija uliobaki ndani. Wagonjwa wengi huwekewa stenti, mrija laini kati ya figo mpya na kibofu. Huuoni wala yeye hausikii sana, kwa hiyo ni rahisi kuusahau. Hutolewa baada ya wiki chache. Uliza tarehe na uiandike ukurasa wa kwanza wa daftari, maana stenti iliyosahaulika huleta maambukizi na mawe.

Mkono wenye fistula, yaani mshipa uliounganishwa mkononi kwa ajili ya kusafishia damu. Kama alikuwa anasafishwa damu kupitia mkono, mkono huo usifungwe mashine ya presha wala kutobolewa sindano. Mwambie kila nesi mpya, hata kama unaona aibu kurudia.

Majina ya dawa. "Ile nyeupe ya asubuhi" si jina. Kampuni ikibadilika na rangi inabadilika. Andika jina la dawa lenyewe, miligramu, idadi na saa.

Namba mbili za simu: ya mchana na ya usiku. Ipige ile ya usiku ukiwa palepale wadini, uone kama inaita.

Chukua pia kipimo chake cha mwisho cha kreatini (creatinine), taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja; ikipanda, figo haifanyi kazi vizuri. Hicho ndicho kipimo chake yeye, na vyote vitakavyofuata vitalinganishwa nacho, wala si na cha mgonjwa wa kitanda cha pili.

*Utajuaje umefanikiwa:* unaweza kumweleza nesi dawa zote na saa zake bila kutazama karatasi, na yeye hana la kurekebisha.

## Hatua ya 2: Usikimbilie nyumbani

Wiki za mwanzo kliniki ni mara mbili au tatu kwa wiki. Kila ziara damu inapimwa na dozi inaweza kupanda au kushuka. Huwezi kufanya hivyo ukiwa Kigoma, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar.

Pangeni bajeti ya chumba cha miezi mitatu karibu na hospitali, na ipangwe kabla ya upasuaji. Tafuta chumba cha chini kisicho na ukungu ukutani, chenye choo ndani. Ndugu wakichangishana, wachange kodi kwanza, kisha sherehe ya kumpokea. Sisi tulianza na sherehe, na tulijuta.

## Hatua ya 3: Saa za dawa

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi zinapoanguka.

Mwili wa mgonjwa unaiona figo mpya kama mgeni aliyevunja mlango. Kila siku uko tayari kuishambulia. Kinachouzuia ni dawa za kushusha kinga, kwa wengi tatu: takrolimusi, maikofenoleti na prednisoloni. Juu yake huongezwa nyingine za kuzuia maambukizi kwa miezi kadhaa, kama septrini.

Takrolimusi ndiyo yenye masharti makali. Ikipungua kwenye damu, mwili unaiamkia figo. Ikizidi, dawa yenyewe inaiumiza figo, mikono inatetemeka, na sukari na presha vinapanda. Nafasi kati ya kupungua na kuzidi ni nyembamba. Ndiyo maana humezwa kila baada ya saa 12 kamili, na ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara kuona kiwango chake.

1. Andika saa kwa Kiswahili, kwa maneno. Karatasi yetu ya ruhusa ilikuwa imeandikwa "8:00 – 8:00". Nilisafiri siku kumi kufuatilia mambo ya kazi, nikamwachia mama. Mama aliona nane, akasoma saa nane. Akawa anampa saa nane mchana, na saa nane usiku anaamka kwa kengele bila kukosa hata siku moja. Saa 12 zilikuwa zimetimia, kwa hiyo yeye aliona yuko sawa.

Tatizo lilikuja kliniki. Damu ya kupima takrolimusi huchukuliwa asubuhi *kabla* ya dozi, wakati dawa iko chini kabisa mwilini. Yake ikachukuliwa saa mbili asubuhi, saa sita tu tangu ameze. Kipimo kikasoma juu. Dozi ikapunguzwa. Wiki iliyofuata kreatini ikaanza kupanda, watu wakahangaika, mpaka nesi mmoja akamuuliza mama swali jepesi: "Mara ya mwisho alimeza saa ngapi?"

Kwa hiyo andika: *saa moja asubuhi, saa moja jioni*. Au saa mbili na saa mbili, kadiri mtakavyokubaliana na daktari. Namba tupu isibaki kwenye karatasi yoyote ukutani.

2. Asubuhi ya kliniki asimeze takrolimusi. Abebe dozi mfukoni, atolewe damu, ndipo ameze. Akisahau akameza nyumbani, mseme ukweli maabara. Kipimo kisicho sahihi ni hatari kuliko kukosa kipimo.

3. Dawa na chakula viwe na mpangilio mmoja. Wengi huambiwa wameze takrolimusi saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Leo na uji, kesho na njaa, keshokutwa na chapati: kiwango kwenye damu kitayumba bila mtu kujua sababu.

4. Kidonge kibaki kwenye karatasi yake mpaka dakika ya kumeza. Usikifungue, usikiponde, usikichanganye na uji. Usiweke dawa kwenye friji, wala juu ya kabati chini ya bati linalochemka.

5. Boksi likibadilika sura, simama. Takrolimusi ya kampuni nyingine, au ya kumeza mara moja kwa siku badala ya mbili, si ya kubadilisha kienyeji. Mpigie daktari kabla ya dozi ya kwanza.

Onyo. Dozi ikisahaulika usimpe mbili kwa pamoja kufidia. Akitapika baada ya kumeza, usikisie. Piga simu ukiwa na dakika mkononi: amemeza saa ngapi, ametapika saa ngapi, kidonge umekiona au hapana.

*Utajuaje umefanikiwa:* mwezi unaisha, kila dozi ina alama ya vema na saa yake daftarini, na idadi ya vidonge vilivyobaki inalingana na hesabu. Hesabu vidonge kila Jumapili. Vikizidi kuna dozi imerukwa, hata kama mgonjwa anaapa.

## Hatua ya 4: Daftari la kila siku

Asubuhi yetu ilikwenda hivi. Saa 12 na nusu anaamka, anakojoa kwenye jagi, tunasoma na kuandika. Anapanda mizani akiwa na msuli uleule, kabla hajanywa kitu. Kipimajoto kwapani. Anakaa kwenye kiti, mgongo umeegemea, miguu chini, dakika tano bila kuongea, ndipo presha. Saa moja kamili anameza.

Mstari mmoja unatosha kwa siku nzima: *uzito 58.2, joto 36.6, presha 128/79, maji 2,700, mkojo 2,450, dawa saa moja asubuhi vema, saa moja jioni vema.*

Msishtuke akikojoa kila baada ya nusu saa siku za mwanzo. Kibofu cha mtu aliyekuwa anasafishwa damu kimekaa muda mrefu bila kazi, kimesinyaa. Kitatanuka taratibu.

Sasa sikiliza. Kwa wengi, mwili kuikataa figo hakuumi. Mgonjwa anaweza kuwa anacheka, anakula, anaangalia mpira, na kreatini inapanda kimyakimya. Ndiyo maana daftari linasimama wiki ya nne: anaonekana mzima, na watu wanaona kupima ni usumbufu. Ukiona mtu nyumbani anasema "si amepona huyu?", ongeza umakini.

Piga simu siku hiyohiyo, usingoje kliniki, ukiona:

- joto la 38 au zaidi, au anatetemeka kwa baridi
- mkojo umepungua ghafla, au una damu
- uzito umeongezeka kilo moja kwa siku moja, au kilo mbili ndani ya siku chache, au miguu inavimba
- maumivu, ugumu au uvimbe pale figo ilipo
- kidonda kinatoa usaha au maji, au kinafunguka
- anaharisha au kutapika kiasi cha kupoteza maji au dawa (kuharisha pia hubadilisha kiwango cha takrolimusi)
- namba ya juu ya presha ni 150 au zaidi, mara mbili mfululizo
- kikohozi kipya au kupumua kwa shida

Damu ikipimwa, uliza namba ya kreatini na uiandike. Ikipanda kwa robo kutoka kipimo chake cha kawaida, mfano kutoka 110 hadi karibu 140, daktari wa upandikizaji ajue siku hiyo, hata kama aliyewapa majibu amesema "bado iko sawa".

## Hatua ya 5: Maji na chakula

Huyu ni mtu aliyekuwa akipimiwa maji kwa kikombe. Alizoea kunyonya kipande cha barafu na kugombezwa akiongeza chai. Leo anaambiwa anywe lita mbili na nusu hadi tatu. Wengi wanaogopa. Mdogo wangu alikuwa anamwaga maji kwenye sinki nikigeuka. Nilikuja kumgundua kwa sababu mkojo haukulingana na maji aliyodai amekunywa.

Jaza chupa za lita moja asubuhi, ziwe mezani, ahesabu mwenyewe. Maji yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, yapoe kwenye chombo chenye mfuniko. Kisimani, bombani au ziwani, kanuni ni moja.

Kuhusu chakula, nyumbani kwetu ubishi mkubwa ulikuwa dagaa. Anaweza kula? Anaweza. Wale waliokaushwa mchangani Kibirizi waoshwe maji mengi mpaka mchanga uishe, kisha wapikwe mpaka waive kweli, si kupitishwa tu kwenye mafuta. Migebuka vilevile, iive hadi mfupani. Mawese tumeyapunguza hatukuyaacha, kwa sababu dawa zenyewe zinapandisha mafuta kwenye damu. Chumvi ipungue kwa ajili ya presha.

Visiguswe kabisa:

- Balungi, furungu na madanzi, tunda au juisi. Vinapandisha takrolimusi kwenye damu.
- Maziwa mabichi, na mtindi uliotokana na maziwa yasiyochemshwa.
- Mayai ya maji, mishikaki ya barabarani, nyama yenye damu.
- Kachumbari na saladi ya hotelini. Nyumbani, miezi ya mwanzo, tulikula mboga zilizopikwa na matunda ya kumenya tu.
- Kiporo kilicholala nje. Ugali wa jana si wake.

Ndizi mbivu, parachichi, maji ya dafu na viazi vinategemea majibu ya damu. Takrolimusi inaweza kuzuia potasiamu isitoke mwilini. Uliza kila kliniki: "Potasiamu ipoje?" Ikiwa juu, vinapungua. Ikiwa sawa, ale.

Prednisoloni inaleta njaa ya ajabu. Atataka kula saa nne usiku, na mama atafurahi kwa sababu "mwanangu sasa anakula". Mweke chini mama umweleze: dawa hizi zinaweza kuleta kisukari kwa mtu ambaye hakuwa nacho. Soda na juisi za kiwandani ziondoke nyumbani. Sahani ijae mboga, ugali upungue.

## Hatua ya 6: Wageni, chanjo na kuku

Ndugu watakuja kumwona, na huwezi kuwafukuza. Lakini miezi mitatu ya kwanza wawe wachache, wakae barazani penye hewa, na mwenye mafua arudi siku nyingine. Sisi Waha tuna bahati hapa: salamu yetu ya kupiga makofi, *mwakeye*, haihitaji kushikana mikono. Niliwaambia wazee tusalimiane ya asili, wakaona namheshimu mgonjwa kuliko kawaida.

Mtoto mwenye surua au tetekuwanga asiingie kabisa. Mgonjwa mwenyewe asichanjwe chanjo zenye virusi hai, kama ya surua au homa ya manjano. Watoto wa nyumbani wachanjwe kama kawaida, ila aliyepewa chanjo ya matone ya polio mgonjwa asimbadilishe nepi.

Banda la kuku wasafishe wengine. Kuogelea ziwani kusubiri. Kubeba ndoo ya maji au mzigo wa zaidi ya kilo tano hapana kwa wiki sita hadi nane, mshono ukaze. Jua kali avae kofia na mikono mirefu, kwa sababu dawa hizi zinaongeza hatari ya saratani ya ngozi miaka ikienda.

## Hatua ya 7: Safari ya kurudi Kigoma

Omba ruhusa ya maandishi, pamoja na barua fupi inayosema amewekewa figo lini, anatumia dawa gani na apigiwe nani. Nakala moja mfukoni mwake, moja kwako, picha kwenye simu.

Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi. Zisiende chini ya basi wala kwenye begi la juu la behewa. Bebeni za siku tano zaidi ya safari. Atakayepanda treni ya reli ya kati anajua: mnaweza kuhesabu kufika kesho, mkajikuta Kaliua mnasubiri.

Kwa basi, shida ni mkojo. Mtu anayekunywa lita tatu hawezi kungoja kituo cha kuchimba dawa. Zungumza na kondakta kabla gari halijaondoka, mwonyeshe barua. Wengi ni waungwana ukiwaambia mapema. Asipunguze maji ili kukwepa usumbufu, na mkanda wa kiti upite chini ya figo, juu ya mapaja. Chakula kitoke nyumbani: viazi, mayai ya kuchemsha, ndizi. Asali na karanga za Tabora nunua, lakini za kupeleka nyumbani.

Mkifika, wiki ileile mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni (walioko Tabora, Kitete), afunguliwe faili akiwa mzima. Siku ya homa saa nane usiku si siku ya kuanza kueleza historia. Ulizia pia damu ya kreatini itapimwa siku zipi, na ile ya takrolimusi itapelekwa wapi na kwa gharama gani.

## Hatua ya 8: Homa, malaria na dawa za mtaani

Mkoa wetu una malaria nyingi, na hapa ndipo mazoea yanapoua figo. Mtu akiumwa kichwa tunajua la kufanya: dukani, dawa mseto, panadoli, kulala. Kwa huyu, mpangilio ni mwingine.

Kwanza pima joto, uandike, *kabla* ya panadoli yoyote. Prednisoloni tayari inaficha homa, usiifiche mara ya pili. Kisha piga simu huku mkielekea hospitali. Apimwe malaria, lakini hata ikionekana, waombe watafute na maambukizi mengine, hasa ya mkojo na kifua.

Malaria ikithibitika itibiwe siku hiyohiyo. Kinachohitaji ushauri ni dawa ipi na namna ya kufuatilia takrolimusi wakati wa tiba. Wauguzi wa zamu wazungumze na daktari wa upandikizaji kwa simu yako mwenyewe, uwaunganishe.

Bandika orodha hii ndani ya mfuniko wa boksi la dawa. Asipewe bila ruhusa: diklofenaki na ibuprofeni (zinaumiza figo moja kwa moja), eritromaisini, klarithromaisini na flukonazo (zinapandisha takrolimusi), rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa (zinaishusha).

Na mitishamba. Najua litakalosemwa. Mtu mwema ataleta chupa ya dawa "ya kuongeza kinga", kwa sababu amesikia kinga ya mgonjwa iko chini. Kinga imeshushwa kwa makusudi! Ukiipandisha, itakwenda kuishambulia figo. Pokea chupa, shukuru, weka kabatini, usimpe. Sijapata njia nyingine ya kukataa bila kuvunja undugu.

*Utajuaje umefanikiwa:* homa ya kwanza imekuja na imepita, na tangu kipimajoto kusoma 38 hadi kuonana na daktari haikufika asubuhi iliyofuata.

## Hatua ya 9: Siku atakaposema "nimechoka na dawa"

Itakuja, mara nyingi baada ya mwezi wa sita. Uso umevimba kwa prednisoloni, chunusi, hasira za ghafla, usiku hapati usingizi. Kijana anaona watu wanamtazama. Usimhubirie. Mpeleke na malalamiko yake kliniki, maana dozi nyingi hupunguzwa kadiri muda unavyokwenda, na yeye akisikia hilo kwa daktari anapata nguvu.

Mwanamke aambiwe wazi: maikofenoleti inadhuru mimba. Uzazi wa mpango uanze mapema, na akitaka mtoto, mazungumzo na daktari yatangulie kwa miezi, kwa kawaida baada ya mwaka au zaidi tangu upasuaji.

Kazi nyepesi wengi hurudi baada ya miezi miwili au mitatu. Mdogo wangu alirudi kwenye kibanda cha kutengeneza simu akiwa na kengele mbili na chupa ya lita. Wateja wanajua saa moja jioni hahudumii mtu.

## Hatua ya 10: Mgonjwa wa pili

Nyumba yenu ina wagonjwa wawili, na mmoja anasahaulika. Aliyetoa figo naye amefanyiwa upasuaji, naye ana mshono, naye asibebe mizigo kwa wiki sita. Watu walikuwa wakiingia wanampita dada yetu sebuleni kwenda chumbani kwa "mgonjwa". Alikaa kimya wiki mbili, kisha siku moja akalia juu ya sahani ya wali.

Mgawie muuguzaji wake. Naye akae mbali na diklofenaki na ibuprofeni, anywe maji ya kutosha, na apimwe presha, mkojo na kreatini kila mwaka maisha yake yote, hata akijisikia chuma. Figo iliyobaki inafanya kazi ya mbili.

Kwetu anapima kila Desemba akija likizo. Tumemfungulia kurasa zake kwenye daftari lilelile, kuanzia nyuma kuja mbele.